Kocha Aliyesema Rukeni

Kocha alikuwa hatazami penalti. Ikitolewa penalti, iwe yetu au ya kupigiwa sisi, alifunga vifungo vya sweta lake, akatembea polepole mpaka nyuma ya choo cha uwanja, akasimama huko akiangalia mashamba ya watu. Kelele za watazamaji ndizo zilizompa habari. Wageni waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ana tumbo la kuendesha. Nilimuuliza siku moja sababu yake, akanijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga: "Mpira ni watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, Mama Skola. Mtu mmoja kusimama mbele ya mtu mmoja, hiyo ni kesi."

Mimi nilikuwa mpishi wa timu. Kama hujui, timu ikienda ugenini ilikuwa haili chakula cha wenyeji, hata wenyeji wawe mashemeji zako. Tulibeba sufuria zetu, unga wetu, maharage yetu, na kuni kidogo, nami nikapanda juu ya lori pamoja na vijana, nimekaa juu ya magunia kama malkia. Kocha alikuwa jirani yangu mtaani Milanzi, na ndiye aliyeniomba nifanye kazi hiyo baada ya kula chakula changu kwenye msiba. Mtu mwingine anasifiwa mapishi yake harusini. Mimi nilisifiwa matangani.

Kwa kazi yake ya mshahara alikuwa mtu wa mizani katika ghala la mahindi la shirika la umma, pale Sumbawanga, enzi ambazo mahindi yote ya Ufipa yalipita hapo. Timu ilikuwa ya ghala. Asubuhi vijana wanabeba magunia, alasiri wanacheza. Wote tulimwita Kocha. Mkewe alimwita Kocha. Padri mmoja, akimpa komunyo, nusura amwite Kocha. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, ofisini kwa meneja, nikageuka kuangalia ni nani anayeitwa.

Sifa hakuwa nazo za kugawa. Mchezaji akifunga goli zuri aliambiwa, "Afadhali." Akifunga matatu, "Afadhali kidogo." Mimi nikipika wali wa sikukuu nikaambiwa afadhali, nilikwenda nyumbani nikiimba. Lakini mtu akiteguka mguu, Kocha alimkanda mwenyewe kwa maji ya moto, amepiga magoti, na alikuwa akimuuliza habari za mama yake na za shamba la ulezi mpaka maumivu yaishe. Alikuwa mgumu wa maneno na mlaini wa mikono.

Jambo lililomuuma zaidi ni watu kutoelewa namna timu inavyopanda daraja. Jioni za Jumapili, baada ya ibada, tukikaa kwenye kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi unayoinywa kwa mrija kutoka chunguni, alikuwa anaeleza tena na tena, na kila mara alipata mtu mpya asiyejua.

"Unaanzia wilayani," alisema. "Timu za wilaya zinachezana, nyumbani na ugenini. Bingwa wa wilaya anaingia ligi ya mkoa. Hapo unakutana na watu wa Mpanda, watu wa Nkasi, na jirani zako wenyewe. Ukimaliza juu ya wote, wewe ni bingwa wa mkoa. Umepanda?"

"Umepanda!" mlevi mmoja alijibu.

"Hujapanda! Hapo ndipo watu wanapocheza ngoma bure. Bingwa wa mkoa anapelekwa kituoni. Mabingwa wa mikoa mnakusanywa mji mmoja, mnalala kwenye madarasa ya shule, mnachezana wote kwa wote. Anayeongoza kituo ndiye anayepanda, mmoja tu. Waliobaki wanarudi mkoani kwao kuanza upya, bega kwa bega na wale waliowafunga mwaka jana."

"Sasa huyo wa pili kituoni anapata nini?"

"Anapata safari," Kocha alisema, akavuta mrija wake.

Sisi tulikuwa tumepata safari zaidi ya mara moja. Mkoani tulikuwa wababe, kituoni tulikuwa wageni. Mwaka mmoja tulilingana kila kitu na walioongoza, tukazidiwa goli moja la kufunga, na goli hilo lilifungwa wakati sisi tumeshamaliza mechi zetu tunafunga mizigo. Kocha hakulala kwa siku kadhaa, ila kazini hakuchelewa hata mara moja.

Nikisema mkoani tulikuwa wababe, nisidanganye, hatukuwa na miguu peke yake. Tulikuwa na jina la mji. Nchi nzima inajua wanavyosema juu ya Sumbawanga, kwamba ukitukana mtu sokoni, unaamkia porini umelala chini ya mti. Sisi tunacheka, kwa sababu tunaamka vitandani mwetu kila siku na baridi yetu. Timu za ugenini hazikucheka. Zilikataa vyumba vya kuvalia. Zilikataa maji. Na kupita getini ndiyo kabisa: walikuja na jezi wameshavaa, wakaruka ukuta upande wa mikaratusi, mmoja mmoja, kama mbuzi walioona mtama.

Halafu kulikuwa na majivu. Chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja ilikuwa haipatikani, au ikipatikana imeshapakwa kwenye nyumba ya mtu. Kocha alipita nyumba kwa nyumba Milanzi akituomba wanawake majivu ya jikoni. Jumamosi tulimpelekea kwenye ndoo, naye akachora mistari akiwa ameinama, akirudi nyuma hatua kwa hatua, mstari umenyooka hata fundi ujenzi angemwonea wivu. Wageni wakiona mistari ya kijivu walijua ndiyo dawa yenyewe. Nilimwona beki mmoja wa Mpanda, mtu mzima mwenye ndevu, akikataa kuvuka mstari wa pembeni kila alipokwenda kurusha mpira, na refa akimpigia filimbi kwa kurusha akiwa ndani ya uwanja. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kocha hakucheka. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari, na uchawi aliuchukia kama alivyochukia magunia yenye mawe ndani. Timu yetu ilikuwa na kamati ya ufundi, kama timu zote, na kila Mtanzania anajua kwamba ufundi huo si wa mpira. Ni wazee wa hirizi. Kocha aliwavumilia kwa sababu walikuwa wazee, akawapa shikamoo zao, na akawaweka mbali na wachezaji kadiri alivyoweza.

Sasa, kanuni ya ligi ilisema timu iingie uwanjani kwa mlango rasmi, ikaguliwe. Timu iliyoruka ukuta ingeweza kunyang'anywa mchezo endapo wapinzani wake watakata rufaa. Kanuni hiyo Kocha aliijua kama Baba Yetu. Waliruka mbele ya macho yake mwaka baada ya mwaka, wengine wakatufunga, na viongozi wetu wakamsihi akate rufaa. Hakukata hata moja.

"Ushindi wa mezani haushibishi," aliwaambia. "Kama walitufunga na hofu yao yote ile, basi wametufunga kweli."

Na uongo alikuwa hasemi. Kiongozi mmoja alileta kiungo hodari kutoka mkoa mwingine, amesajiliwa kwa jina la mtu aliyehama. Kocha alimtazama kijana mazoezini, akakubali kwamba anajua mpira, kisha akampa nauli ya kurudi kwao. Mamluki hachezi kwangu, alisema, na kiongozi yule akamnunia mpaka Pasaka.

Mshambuliaji wetu wa kati tulimwita Msukuma, kwa kuwa alikuwa Msukuma. Kwao walikuwa wamehama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakashukia bonde la Rukwa. Kocha alimwona akipiga danadana na tunda la mtini akiwa nyuma ya mifugo, akateremka kwenda kumwomba kwa baba yake. Mzee yule alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja: "Akienda kucheza, ng'ombe watachungwa na nani?" Kocha akajibu bila kufikiri, "Nitakuletea mtu." Basi msimu mzima, Msukuma akiwa na mechi, mmoja wa wachezaji wa akiba alishuka bondeni kuchunga ng'ombe. Vijana walisema afadhali benchi la ghala kuliko benchi la Usukumani. Baadaye ghala lilimpa Msukuma ajira, akapanda kukaa mjini, na Kocha akamfundisha kula na uma, jambo ambalo Kocha mwenyewe hakulijua vizuri.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikamwagika sokoni, na wale tuliokuwa tunawaita walanguzi wakaitwa wafanyabiashara. Malori ya watu binafsi yakawa yanapanda mpaka vijijini kununua mahindi shambani, na mkulima hakuwa na sababu tena ya kusubiri mizani ya Kocha. Ghala likaanza kuwa na nafasi. Panya wenyewe walikonda. Ikasemwa makao makuu yanapunguza wafanyakazi, na kila mtu akaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Meneja alimwita Kocha. Mimi nilikuwepo, nimepeleka chai. Alimwambia kwamba makao makuu wanataka kufuta timu na wachezaji wake wote, lakini yeye amewaomba wangoje. "Timu ikipanda daraja mwaka huu, jina la shirika litasikika redioni kila wiki. Wamenikubalia. Mkipanda, vijana wanabaki kazini. Msipopanda, Kocha, mimi sina la kuwatetea."

Kocha alitoka hapo bila kunywa chai. Mkoani tulimaliza kileleni tukiwa na mechi mkononi. Tukafunga safari ya kituoni.

Mji wenyewe sitautaja, maana wenyeji walitupokea vizuri, na hata waliotukatia rufaa walifuata kanuni. Tulilala darasani, tukacheza vizuri kuliko miaka yote. Ilipofika mechi ya mwisho, sare ilitutosha. Sare tu, tupande.

Asubuhi ya siku hiyo mzee mmoja wa kamati ya ufundi alizunguka kwa wachezaji akisema wapinzani wamefukia kitu getini. Nilipoleta ugali, nikaona mikono imelala mapajani. Kocha akaingia, akasikia, akapandwa na hasira.

"Nani amekiona hicho kitu?"

"Mzee," Msukuma alisema.

"Mzee, umekiona?"

"Nimeoteshwa," mzee akajibu.

"Nchi nzima inatuogopa sisi," Kocha alisema, "halafu sisi tunaogopa geti la bati!"

Hakuna aliyecheka. Alihubiri, alikemea, alisali nao. Alituongoza mpaka getini, akapita yeye mwenyewe, akarudi, akapita tena, akatandaza mikono kuonyesha kwamba yu mzima. Vijana walisimama ng'ambo ya barabara wamegandana. Msukuma, mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, alikuwa analia kimyakimya. "Kocha, mimi hapo sipiti. Niue tu."

Ndipo Kocha akanigeukia. "Mama Skola, wamekula?"

"Hakuna aliyegusa, Kocha. Ugali wote nimeurudisha sufuriani."

Nilimwona akiwatazama miguuni, mmoja baada ya mwingine. Kanuni alikuwa anaijua. Alijua pia kwamba nyuma ya miguu ile kuna mishahara, watoto, mama zao waliouza ulezi ili wawanunulie njumu. Na nadhani alijidanganya kidogo, kama sisi sote tunavyojidanganya tukibanwa: kwamba kwa kuwa yeye hakuwahi kumkatia mtu rufaa, dunia nayo itamwangalia hivyo hivyo.

"Haya," akasema. "Rukeni."

Wakaruka ukuta. Upande wa pili walitua watu wengine kabisa, wanacheka, wanapigana vibao mgongoni. Walicheza mpira ambao sijauona tena. Msukuma akafunga, wapinzani wakasawazisha kwa penalti, na Kocha akiwa nyuma ya choo cha uwanja wa watu hakuona. Filimbi ya mwisho ilipopigwa tulikuwa tumepanda. Meneja, aliyekuwa amesafiri nasi, alikimbilia posta kupiga simu Sumbawanga. Kocha alikaa chini kwenye nyasi, akasema, "Afadhali sana." Hiyo "sana" ilikuwa ya kwanza na ya mwisho.

Kesho yake asubuhi wapinzani walikata rufaa. Kamati ya ligi ikakaa mezani, ikamwita Kocha, ikamuuliza kama timu yake iliingia kwa mlango rasmi. Angeweza kusema ndiyo. Kamisaa wa mchezo alikuwa amefika kwa kuchelewa na hakuona lolote, na maneno ya wapinzani yangekuwa dhidi ya maneno yake. Kocha akasema, "Waliruka." Tukanyang'anywa mchezo, na nafasi yetu ikaenda kwa wengine.

Tulirudi kwa lori, meneja akabaki nyuma kujaribu simu, lakini simu ya Sumbawanga ilikuwa imekufa kama kawaida yake. Kwa hiyo mji ulikuwa na habari ya kwanza tu. Tulipokaribia tuliona watu wamejaa pande zote za barabara, wameshika matawi, ngoma zinalia, akina mama wamejifunga kanga viunoni wanapiga vigelegele. Mama yake kipa alikuwa amepiga magoti kabisa barabarani, akipiga makofi yale ya heshima tunayowasalimu nayo wakubwa. Ndani ya lori hakuna aliyethubutu kusimama.

Kocha akamgongea dereva asimamishe. Akashuka peke yake, akavua kofia, akangoja ngoma zinyamaze, na zilichelewa kunyamaza kwa sababu wa nyuma hawakuwa wanamwona.

"Hatukupanda," akasema. "Tumenyang'anywa mezani kwa kuruka ukuta. Aliyewaambia waruke ni mimi."

Msukuma akapiga kelele kutoka juu ya lori, "Ni sisi, Kocha! Ni sisi tuliogopa!"

"Nyamaza," Kocha akamwambia, bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyesema."

Watu hawakumpiga. Ingekuwa heri wangempiga. Walitupa matawi chini, wakageuka, wakaenda zao. Moyo wangu uliniuma siku ile na haujapona, sioni aibu kusema.

Timu ilifutwa, na wachezaji wote walipunguzwa kazi pamoja na Kocha wao. Wengine walishukia Kasanga kubeba mizigo ya mashua za Zambia na Kongo. Msukuma alirudi bondeni kwenye ng'ombe. Ghala akalikodi mfanyabiashara. Kocha alilima mahindi yake nyuma ya nyumba, akamzika mkewe, akazeeka. Mpirani alikuwa anakwenda bado, lakini alikaa peke yake chini ya ukuta, upande wa mikaratusi, penye jua.

Mara ya mwisho kumwona huko ilikuwa fainali ya mkoa, miaka mingi baadaye. Mjini palikuwa na timu mpya, ya vijana wasiojua kulikuwa na ghala. Nilikaa karibu na Kocha, nimemletea chai ya chupa. Wageni walipofika hawakupita getini. Waliruka ukuta juu ya vichwa vyetu, na mmoja wao, kijana mwembamba, akasema akiwa bado hewani, "Shikamoo babu, samahani."

"Marahaba," Kocha alimjibu. "Angalia mguu."

Wakatufunga. Wakawa mabingwa wa mkoa, tiketi ya kituo ikawa yao, wakapanda lori lao wakaondoka wanaimba. Lori lilipotokomea, viongozi wetu wakaja mbio pamoja na kamisaa. Katibu wa timu, kijana wa suti, akachuchumaa mbele ya Kocha.

"Shikamoo Kocha. Wewe hujawahi kusema uongo, mji mzima unajua. Mwambie kamisaa. Waliruka, hawakuruka?"

Kocha akaweka kikombe cha chai chini.

"Walipita getini," akasema.

"Kocha! Wameruka juu ya kichwa chako!"

"Getini. Mimi ndiye niliyewafungulia."

Kamisaa akafunga kalamu yake. Watu walimtukana Kocha mbele yangu, mzee wa watu: amehongwa, amechanganyikiwa, kwanza ndiye huyu huyu aliyetukosesha daraja zamani. Nilimwinua, akashika bega langu, tukaelekea Milanzi. Njiani hakuna aliyetusalimu.

Tulipofika kwenye mteremko akasimama. Nilidhani amechoka. Akaniuliza, "Wale vijana watafika kwao saa ngapi?"

"Jua likiwa bado lipo, Kocha."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakawa yanamtoka, hakuyafuta, nami niliyemfahamu miaka yote hiyo sikuwahi kuyaona.

"Basi mama zao watakuwa wameshajaa barabarani kuwapokea," akasema. "Waache wacheze."